Punje Niliyoinyoosha

Vijana mnaoshika tupa, mkiniona napita Majengo asubuhi na koti langu zito mnasimama kwenye mabenchi na kunipa shikamoo ya mkupuo, kisha nasikia mnanong'ona nyuma yangu, "Huyu ndiye Fundi Oresti, alikuwa anatengeneza hadi bunduki." Naitikia marahaba na kuongeza mwendo. Mnadhani nina haraka. Mzee wa miaka sabini na moja, aliyefunga karakana yake, anawahi wapi? Ni aibu tu inanikimbiza.

Mwalimu wenu ameniomba niandike kurasa chache kuhusu kazi yangu mzisome kabla hamjamaliza mafunzo. Alitaka nieleze namna ya kutunza vifaa, na hilo nitalieleza. Lakini kuna jambo jingine ambalo nikiliruka nitakuwa nimewadanganya na ninyi pia, na orodha ya niliowadanganya inatosha.

Basi nianze na tupa, maana ndiyo mnayoidharau. Tupa hukata ikisukumwa, haikati ikirudishwa. Ninyi mnaipeleka mbele na nyuma kama mnapiga mswaki, halafu mnalalamika kwamba tupa za siku hizi hazidumu. Sukuma, inua, rudisha hewani, sukuma tena. Ipake chaki ili unga wa chuma usigande kwenye meno. Usiitupe kwenye sanduku moja na nyundo. Tupa yangu ya mwisho ilidumu miaka tisa, na ingedumu zaidi kama mke wangu asingeichukua kuchokolea jiko la mkaa.

Na kabla hamjaondoa chuma mahali, jueni kwamba hamtaweza kukirudisha. Mtu wa mbao ana gundi, mshonaji ana kiraka, mwashi anaongeza udongo. Sisi tukishapitisha tupa, unga ule unaanguka sakafuni na mtu anaufagia.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kasiano, Mfipa wa ukoo wa wahunzi. Babu zake walikuwa wakiyeyusha chuma kwenye yale matanuru marefu ya udongo ambayo mabaki yake bado mnayakuta mashambani. Karakana yake ilikuwa palepale Majengo, katikati ya duka la nafaka na fundi baiskeli. Tulitengeneza majembe, vitasa, mageti, mashine za kusaga, na kwa sababu alikuwa na kibali halali kilichotundikwa ukutani kwenye fremu, tulitengeneza pia bunduki za watu wenye leseni. Nyingi zilikuwa magobore ya kushindilia, chache shotgani. Kila moja iliandikwa kwenye daftari, na polisi walipita kulikagua wakati wowote waliotaka.

Mzee Kasiano alikuwa mpole wa sauti na mkali wa adhabu. Mwaka wangu wa kwanza alinipa springi ya kufuli la gobore, ule mtambo wa kufyatulia, niisafishe. Nikaona kutu imeng'ang'ania, nikaitia motoni ili itoke upesi. Kutu ilitoka kweli, na ugumu wa springi ukatoka nayo, ikawa laini kama waya wa kufungia kuku. Mzee hakunigombeza. Aliikunja, akanivalisha mkononi, akaniambia niivae wiki nzima kama bangili. Wasichana wa duka la nafaka waliniita Bibi Harusi mpaka wiki ikaisha, na wengine wakaendelea hata baada ya hapo.

Kulikuwa na utaratibu mmoja ambao kwake haukuvunjwa. Bunduki haikutoka karakana mpaka mwenyewe aipige mbele ya fundi. Tulikwenda kwenye machimbo ya matofali nje ya mji, ng'ambo ya mtaa wa Mazwi, baada ya kuwataarifu polisi, tukatundika ungo mbovu wenye alama ya mkaa katikati. Mwenye bunduki akalenga. Sasa, sisi wanafunzi wote tulikodolea macho ungo. Mzee Kasiano aliupa ungo mgongo. Alimwangalia mtu: kichwa kimelala upande gani, bega limepanda wapi, jicho gani limefumbwa, pumzi inakaa au inakimbia.

"Mzee, hujaona risasi imepiga wapi," nilimwambia siku moja.

"Ungo nitauona baadaye," alisema. "Hauendi popote."

Mbele ya mtutu, juu kabisa, pana kinundu kidogo cha chuma ambacho mlengaji hukiweka sawa na pengo la nyuma. Sisi tulikiita punje, kwa sababu kilikuwa kama punje ya mahindi. Mzee Kasiano hakuigusa punje kabla ya kumwona mtu akilenga. Alikata kidogo, akapiga nyundo kidogo, mtu akapiga tena. Punje haikuwa ya bunduki, ilikuwa ya jicho la mtu fulani. Nilimsikia akilisema hilo mara nyingi sana, na kwa kuwa nilikuwa nimelisikia mara nyingi sana, nikadhani nimelielewa.

Sasa niwaambie habari za Mzee Gaudensi.

Alikuwa mwindaji wa kijiji kimoja pembezoni mwa uwanda wetu, kule ardhi inapokatika na kuporomoka kwenda bonde la Rukwa. Kutoka kwake mpaka mjini ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa baiskeli, akiwa amelifunga gobore lake kwenye blanketi kama mgonjwa. Mfupi, mcheshi, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Kila alipokuja alituletea asali kwenye kopo la maziwa ya unga. Nilimwita tata, kama tunavyomwita baba kwa Kifipa, na yeye aliniita mwanangu.

Kila mwaka, nyasi zikishaungua na sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia yao ikikaribia, alikata kibali akaenda kutafuta tohe, yule swala wa mbugani mwenye pembe zilizopindia mbele. Alipiga risasi moja. Nyama ililiwa na kijiji kizima, na watoto waliitana kwa jina lake walipokuwa wakicheza. Wawindaji wa pale walikuwa na makubaliano yao wenyewe: mtu akikosa mara tatu msimu mmoja, au akimjeruhi mnyama akampoteza, anasimama mbele ya wenzake, anasema, na anaweka bunduki chini. Hakuna faini, hakuna kelele. Anaweka tu chini, na tangu siku hiyo anakuwa mtu wa kula nyama iliyowindwa na wengine. Mzee Gaudensi alikuwa amewashuhudia wanne wakiweka chini, na alipotusimulia habari zao sauti yake ilishuka.

Mzee Kasiano alipoanza kutetemeka mikono aliniachia karakana. Nilikuwa na miaka hamsini na kidogo, mtu mzima, na bado nilijiona kama nimepewa kiti cha mfalme. Nilipaka mlango rangi ya bluu. Niliandika jina langu juu yake kwa herufi ambazo mtu angeweza kuzisoma akiwa stendi.

Miezi michache baadaye akaja Mzee Gaudensi na gobore lake. Kitako kilikuwa kimepasuka alipoteleza kwenye miamba. Alitaka kitako kipya, basi. Akaniachia, akasema atarudi Jumatatu.

Nilimchongea kitako cha mninga, kizuri mno. Nilipomaliza nikaibana bunduki kwenye meno ya jiliwa niipake mafuta, ndipo nikaiona punje. Ilikuwa imepinda. Imekaa kando kabisa, upande wa kushoto, kama kofia ya mlevi. Nikacheka peke yangu. Nikawaza kwamba imegongwa kwenye miamba ileile iliyopasua kitako, au mikono ya mzee wangu ilikuwa imeanza kutetemeka zamani kuliko alivyokiri. Nikaona huruma, na ndani ya huruma ile palikuwa na furaha, nisiwafiche, furaha ya kuona kosa la aliyenifundisha.

Nikainyoosha. Nikailainisha kwa tupa ikawa katikati sawasawa, hata fundi saa angeisifu. Nikaenda machimboni, nikatundika ungo, nikapiga mwenyewe mara tatu. Matundu yote matatu yangefunikwa na kiganja kimoja. Jumatatu Mzee Gaudensi akaja asubuhi, upepo wa baridi unavuma, ana haraka ya kurudi. Sikumpeleka machimboni. Nilimwonyesha kitako, akakipapasa, akanipa kopo la asali akaondoka. Habari ya punje sikumwambia. Nilitaka aigundue mwenyewe huko, ashangae, aje kunishukuru.

Wiki mbili baadaye Mzee Kasiano alikuja kuniona, amevaa koti la sweta na kofia ya sufu, baridi ya mwezi wa sita imemkunja. Alikaa kwenye kigoda, akafungua daftari, akapitisha kidole.

"Ya Gaudensi ilikuwa na nini?"

"Kitako, mzee. Nimebadilisha kitako tu."

"Punje hukuigusa?"

Sijui kwa nini nilijibu vile. Najua. Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi, na mimi nilikuwa na mlango wa bluu wenye jina langu. "Sikuigusa," nikasema.

"Vizuri," akasema. "Ile niliipinda makusudi. Gaudensi jicho lake la kulia ni pambo. Miaka mingi iliyopita baruti ilimrukia usoni, jicho likabaki zima kwa nje lakini halioni kitu. Bega lake ni la kulia, hawezi kuhama, kwa hiyo analaza kichwa juu ya kitako na kulenga kwa la kushoto. Ilinichukua siku nne kuipata punje ile. Na usimwambie mtu. Ni mimi, yeye na mkewe tunaojua, anaogopa watamcheka. Sasa na wewe umejua."

Alilifunga daftari, akaomba chai. Nilimmiminia, nikamwaga nusu kwenye sahani.

Mkiniuliza kwa nini sikupanda baiskeli jioni ileile, nitawapa sababu zote nilizojipa. Jumapili hiyo palikuwa na ubatizo. Jumapili iliyofuata tairi lilikuwa na pancha, kana kwamba jirani yangu wa mlango wa pili hakuwa fundi baiskeli. Halafu nikasema atakuja mwenyewe akiona haipigi vizuri. Halafu nikasema labda amezoea. Mtu anayekwepa safari ya saa tatu anaweza kutunga sababu za kutosha mwaka mzima.

Kipindi hicho nilikuwa na mteja mwingine aliyenichukua akili. Alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa Mbeya aliyehamishiwa hapa, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukagua hesabu nitamwita Mkaguzi. Alikuwa na bastola yake ya kujilinda, ya silinda, ile ya kuzunguka, na vibali vyake vyote vilikuwa safi. Tatizo lake ni kwamba alitaka kwenda nayo kuwinda tohe. Mtu alimsimulia kwamba nchi za watu wanawinda hivyo, na tangu hapo akawa hasikii la mtu.

Nilitakiwa kumwambia mambo mawili. Kwanza, sheria haimruhusu mtu kuwinda kwa bastola ya kujilinda, na hilo nililijua kama ninavyojua jina langu. Pili, ile ilikuwa ya kumtisha mwizi mlangoni, si ya kumpiga mnyama aliye mbali kwenye upepo wa Ufipa. Badala yake nikamwambia, "Niachie." Mkaguzi alikuwa amesema atanitaja kwa wakubwa, nipewe kazi ya kutengeneza silaha za askari wa wanyamapori, na mimi nikajiona tayari nina meza na kiti cha kuzunguka.

Niliifanyia kazi ile bastola kwa wiki tatu. Nikang'arisha vyuma vya ndani mpaka triga ikawa laini. Nikachonga punje mpya ya shaba kutoka kwenye kufuli la zamani, ndefu kuliko ya kwanza, ili ionekane vizuri kwenye mwanga wa asubuhi. Nikatengeneza mpini wa mninga, ule uliobaki kwenye kitako cha Mzee Gaudensi. Na huyu Mkaguzi, nisikilizeni vizuri, nilimpeleka machimboni mara sita. Nilimwangalia kichwa, bega, jicho na pumzi, kila kitu nilichofundishwa. Kwa kazi isiyo halali nilifuata utaratibu wote.

Siku aliyokuja kuichukua alikaa kwenye kigoda, akawa anaigeuza geuza mkononi. "Fundi, wewe ni hatari," alisema. "Mtu kama wewe anafanya nini kwenye kibanda hiki? Mkono wako haukosei."

Nikiwa bado natabasamu, mwanga wa mlangoni ukazibwa. Alikuwa Mzee Gaudensi, ameshikilia bunduki kwenye blanketi, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Nilimpa shikamoo. Aliitikia bila ile sauti yake kubwa. Hakuwa na asali. Alimsalimu Mkaguzi kwa kuinama, kisha akanisogelea na kusema polepole, nadhani hakutaka mgeni asikie.

"Mwanangu, nimekosa mara mbili. Tohe wa kwanza alikuwa karibu kama ule mlango wa duka. Wa pili nimemvunja mguu, akanipotea. Nimemtafuta siku mbili na mbwa ndipo nikampata, nikammaliza, wenzangu hawajajua. Imebaki moja. Niambie, bunduki ina tatizo?"

Vijana, jibu lilikuwa hapo hapo mdomoni. Ningesema, "Tata, nisamehe, niliigusa punje, kaa chini." Ningechukua kipande cha chuma, nikatengeneza nyingine. Ingenichukua siku nne kama ilivyomchukua mzee wangu, au hata kumi. Angelala kwangu Mazwi, tungekula ugali wa ulezi pamoja, angekwenda na bunduki yake na macho yake.

Nikamtupia jicho Mkaguzi. Alikuwa akinitazama, anasubiri kusikia fundi ambaye mkono wake haukosei atasema nini.

Niliichukua bunduki, nikailenga ukutani, nikaigonga gonga hapa na pale kama daktari. "Tata, bunduki ni nzima kabisa," nikasema. Hata hapo ningeweza kuishia. Lakini alikuwa bado ananiangalia, ameninyooshea uso wote, nami nikataka aache kuniangalia. "Labda macho," nikasema.

Nilijua ana jicho moja. Nilijua kwamba yeye hajui kwamba najua. Nilimwona akilipokea lile neno. Mkono wake ulipanda kidogo kuelekea jicho la kushoto, ukarudi chini.

"Labda," akasema. Akaifunga bunduki kwenye blanketi, taratibu, fundo kwa fundo. "Asante, mwanangu. Ni vizuri mtu akwambie."

Alipotoka, Mkaguzi alitikisa kichwa. "Wazee hawa," akasema, "hawajui muda wao umepita." Nami nikacheka naye. Kicheko kile ndicho kinachoniamsha usingizini kuliko hata uongo wenyewe.

Mkaguzi mlitaka kujua alifikia wapi? Alikwenda na bastola yake, akamnyemelea tohe, akapiga risasi sita zote. Tohe aliinua kichwa, akamtazama, akaendelea kula. Risasi ziliingia kwenye kichuguu, na Mkaguzi alirudi kunisifu kwamba zote zilipiga kichuguu kimoja. Siku chache baadaye askari wa wanyamapori walimwita wakamwonya vikali, akahamishwa, na habari ya mimi kutajwa kwa wakubwa sikuisikia tena.

Habari za Mzee Gaudensi zililetwa na mwanamke mfanyabiashara wa maharage. Alikosa mara ya tatu wiki ya sikukuu. Alisimama mbele ya wenzake, akasimulia yote matatu, hata yule wa mguu ambaye angeweza kumficha, akaweka bunduki chini. Baadaye, serikali ilipowataka watu wasalimishe magobore, alilipeleka mwenyewe kituoni. Yanakatwa vipande yale. Kwa hiyo hata nilipojidanganya kwamba iko siku nitaitengeneza ile punje, hapakuwa tena na mtutu wa kuiweka.

Mzee Kasiano aliniuliza mara moja tu. "Gaudensi siku hizi haji?" Nikamwambia amezeeka. Alipuliza chai yake. Alifariki mwaka uliofuata. Sijui kama alijua, na sina wa kumuuliza.

Mnaona nilivyosema sana, na bado sijafika kwenye jambo lenyewe. Ndivyo nilivyoishi nalo miaka kumi na tisa, nikilizunguka.

Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho moja lilifungwa bendeji, na la pili lilikuwa linasubiri zamu yake, zito kama kioo chenye mvuke. Nilikuwa naenda chooni nikishika ukuta. Siku ya pili nililia, mke wangu akadhani ni maumivu. Nilikuwa nimeelewa nilimpa nini Mzee Gaudensi aondoke nacho juu ya baiskeli kwa saa tatu.

Nilipopona nilikodi bodaboda. Njiani sikuitambua nchi. Mbuga za tohe sasa ni mashamba ya mahindi na alizeti, na palipobaki nyasi pana ng'ombe wa Wasukuma waliohamia. Tohe hakuna. Nilimkuta Mzee Gaudensi nje ya nyumba yake, kwenye kigoda, juani, anapukuchua maharage. Hakuangalia maharage. Vidole vilifanya kazi vyenyewe.

"Shikamoo, tata. Ni Oresti, fundi wa Majengo."

"Mwanangu!" Ile sauti kubwa ilikuwa bado imo. "Karibu! Mama Yustina, leta kiti, mtoto wa Kasiano amekuja!"

Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaongea habari za mvua. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yote, punje, uongo niliomwambia mzee wangu, Mkaguzi kwenye kigoda, na lile neno. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Nilitamani kufukuzwa, kusema kweli, ningejua mahali pa kuuweka mwili wangu.

Vidole vyake viliyaachia maharage yakadondoka. "Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Kwa hiyo siku ile, jicho lilikuwa zima?"

"Lilikuwa zima, tata. Nilikosea mimi."

Akaanza kucheka. Alicheka akipiga paja, ungo wa maharage ukapinduka. "Mama Yustina! Umesikia? Sikukosa mimi! Ilikuwa punje! Nilikuwa naona!" Alinishika mikono yote miwili akaitikisa, akanishukuru. Ananishukuru mimi. Miaka kumi na tisa nilikuwa na furaha ile mfukoni mwangu, ningeweza kumpa siku yoyote bila gharama, na nilikaa nayo.

Mama Yustina, mkewe, hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na kiti mkononi.

"Wiki ile ile aliacha kusoma masomo kanisani," aliniambia. "Alikuwa msomaji tangu tumeoana. Akaacha baiskeli. Akawa anafumba lile jicho zima anatembea uani anahesabu hatua, kutoka mlangoni mpaka jikoni, kutoka jikoni mpaka zizini. Anasema anataka azoee upofu kabla haujafika. Hospitali alikataa, aliogopa kuambiwa. Miaka yote hiyo, fundi. Na wewe ulikuwa unalala?"

"Nilikuwa nalala, mama," nikasema. 

"Mwache," alisema Mzee Gaudensi, bado anafuta machozi ya kicheko. "Mama Yustina, niletee kitabu changu. Kile cha masomo. Kipo kwenye sanduku la nguo."

Aliitazama sura ya mumewe, kisha yangu, akaingia ndani. Alirudi na kitabu kimefungwa kwenye kitambaa cheupe kilichogeuka njano kwenye mikunjo. Mzee alijifuta mikono, akakifungua mahali palipokuwa na utepe. Akanyoosha mgongo kama watu wako mbele yake. Akalaza kichwa kulia, alivyokuwa akilaza kwenye kitako, ili jicho la kushoto liwe katikati.

Alikileta kitabu karibu. Akakipeleka mbali. Akakigeuzia jua. Ana miaka themanini na zaidi sasa, na kile alichokuwa akijizoeza kukipokea kimefika kweli, kwa wakati wake.

"Siku hizi wanachapa hafifu," alisema. Kitabu kilikuwa kilekile cha zamani.

 Alikaa nacho magotini kidogo, akipapasa ukurasa kwa kidole, kisha akaninyooshea mimi.

"Basi soma wewe, mwanangu. Macho yako wameyatengeneza."

Nilikaa kwenye kile kiti, nikasoma. Sauti yangu ilikuwa mbaya na herufi zilinichezea kwa sababu ya machozi. Katikati ya ukurasa aliinua mkono.

"Umeruka mstari," alisema. "Rudi."

Nikarudi mwanzo wa ule mstari, naye akafumba macho, akawa ananifuata kwa midomo.